Tunangoja Wageni Gani?

Mwaka wa 2022 niliandika uwongo. Uwongo ule ulisafiri kutoka Kasongo, ukavuka ziwa Tanganyika, ukafika Ujiji, halafu ukanirudia nyumbani pamoja na mgeni. Nitawasimulia, kwa maana siku hizi katika mikutano yetu ya Kasongo na Kabambare kuna neno moja linalotajwa sana, nalo ni utalii. Vijana wanalipenda, wakubwa wanalipenda, hata mimi mwalimu mzee niliyekwisha pumzika kazi nimelipenda, kwani nina nyumba ya wageni yenye vyumba vinne.

Nyumba yenyewe si ya kujivunia. Ni matofali ya kuchoma na mabati, vitanda vya mbao, vyandarua, na choo cha uani. Anayeitunza ni mke wangu. Yeye ni Mubangubangu wa Kabambare, na ana akili moja ambayo mimi sikupewa: humjua mgeni aliyechoka na mgeni aliyekasirika kabla hawajasema neno. Wageni wetu wa siku zote ni wachuuzi kutoka Kindu, waganga wanaokwenda kwenye chanjo, watu wa dhahabu wanaopita kwenda Salamabila, na jamaa wanaokuja kwa arusi na matanga.

Basi mtoto wetu anayekaa Kindu alikuja kututazama, akafungua simu yake, akasema: «Baba, nyumba yako haimo katika ramani. Mtu akitafuta mahali pa kulala Kasongo, hakuoni.» Akanieleza kwamba iko ramani moja katika intaneti ambayo kila mtu aweza kuiandika, jina lake OpenStreetMap. Ilianzishwa Uingereza mwaka wa 2004, wala hailipiwi. Nikaona ni jambo jema. Tukaweka alama penye nyumba yetu, na jina, na namba ya simu. Akauliza: «Juu ya umeme niandike nini?» Nikamjibu: «Andika upo usiku na mchana.» «Na frigo?» «Andika ipo.»

Frigo ilikuwapo kweli. Ila kwa kukosa umeme mke wangu aliitumia kuwa kabati ya mashuka.

Sikuona kwamba nimetenda kosa. Nilisema moyoni: kila mwenye nyumba ya wageni huandika hivyo, mgeni akiisha kufika atazoea.

Mwaka wa 2023, wakati wa kiangazi, jua likitua, pikipiki mbili zilisimama mlangoni petu. Juu ya moja alikuwa mzee mwenye kofia nyeupe, vumbi jekundu limemfika mpaka kwenye kope za macho. Juu ya nyingine alikuwa mpwa wake. Kijana akateremka, akainama: «Shikamoo, mzee.» Wajukuu wangu wakatazamana wakicheka, kwa sababu salamu hiyo haimo katika Kiswahili chetu cha Maniema; sisi husema jambo, na jambo hujibiwa jambo. Mimi niliyesoma vitabu vya Tanganyika nikakumbuka kuitika: «Marahaba, mwanangu. Karibuni.»

Walikuwa wametoka Ujiji. Walivuka ziwa mpaka Kalemie, halafu siku nyingi za gari, na za pikipiki, na za kungoja. Kabla ya kuomba maji ya kunawa, mzee alifungua mkoba, akatoa chupa ndogo tatu zilizofungwa katika kitambaa kibichi. Akasema: «Mwalimu, mimi ni mgonjwa wa sukari. Dawa hii ni insulini, haipendi joto. Kijana aliona katika simu kwamba kwako iko frigo na umeme usiku na mchana. Ndiyo sababu tumeziacha nyumba nyingine tukaja kwako.»

Nilishikwa na haya ambayo sikuipata tangu nilipokuwa mtoto. Nikaanza kusema habari za mashine kuharibika. Mke wangu akanikata: «Baba, msamehe. Umeme hapa haupo. Aliandika uwongo. Lakini nipe dawa yako.»

Akazitia chupa katika kopo kavu lenye kifuniko, kopo akalitia katika chungu kidogo cha udongo, na chungu kidogo akakitia ndani ya mtungi mkubwa. Kati ya vyungu viwili akajaza mchanga, akaumwagia maji, akafunika kwa kitambaa kilicholowa, akaweka pahali pa kivuli penye upepo. Asubuhi mwuguzi mmoja wa hospitali alikuja kutazama, akashika kopo kwa mkono, akasema amefanya vema. Maji yanayopenya katika udongo yakikauka huondoka na joto, na ndani hubaki baridi kuliko chumbani, mradi mchanga usiachwe ukauke. Mama mmoja asiyejua kutumia ramani ya simu ndiye aliyeniokoa na ramani yangu.

Mzee wa Ujiji hakukasirika. Alisema neno moja tu, na mpaka leo linanichoma: «Mwalimu, ungaliandika mtungi, tungalikuja vilevile.»

Kwa nini alikuja? Bibi yake, mama wa baba yake, alichukuliwa kwetu akiwa mtoto, akavushwa ziwa, akafia Ujiji. Juu ya kwao alikuwa na maneno mawili tu ya kuwaachia wajukuu: Kasongo, na mto Luama. Watu kama huyu mzee ni wengi sana. Wako Ujiji, wako Tabora, wako Kariakoo mjini Dar es Salaam, wako Buyenzi mjini Bujumbura. Mababu zao wengine walikwenda kwa kufungwa, wengine kwa upagazi, wengine kwa bunduki au biashara, na huko ng'ambo wote waliitwa jina moja, Wamanyema. Wanaitwa hivyo hata leo, na wengi hawajapata kuiona Maniema.

Kesho yake tulikwenda Tongoni. Wenyeji mnapajua, lakini wengine niwaambie. Kasongo ya leo si mahali pa Kasongo ya zamani. Mji wa Waungwana, mji wa Tippu Tip na mwanawe Sefu, ulikuwa Tongoni, na jina lenyewe lasema: katika Kiswahili cha kale tongo ni mahame, mahali watu walipokaa wakahama. Pwani karibu na Tanga iko Tongoni nyingine yenye magofu. Tarehe 22 Aprili 1893 jeshi la Dhanis liliuteka mji huu wa kwetu. Mganga wa jeshi lile, Mwingereza Sidney Hinde, katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1897, aliandika mambo waliyoyakuta: vitanda vya kuchongwa, magodoro na vyandarua vya hariri, mishumaa, sukari, vyombo vya fedha na vya kioo, bustani za machungwa, mapera na makomamanga. Siku nilipomweleza mke wangu habari hizi alicheka, akasema: «Kumbe mwaka wa 1893 Kasongo palikuwa na nyumba ya wageni kuliko yetu!» Halafu akanyamaza, akauliza: «Na vile vitanda, nani alikuwa akivitandika?»

Leo Tongoni ni majani, miti, na vigae vya vyungu. Wataalamu wa mambo ya kale, Wakongomani pamoja na Wabelgiji, wamechimba huko na kuwahoji wazee, na habari yao ilichapwa mwaka wa 2020 katika jarida liitwalo Antiquity. Lakini anayefika na macho matupu haoni kitu. Asipopata mtu wa kumsimulia, ataona kichaka tu.

Tulimwendea kwanza mzee mmoja wa huko ambaye ukoo wake ni wa Waungwana. Nilikuwa na hofu. Hapa kwetu wajukuu wa waliouza na wajukuu wa waliouzwa wanakaa kitongoji kimoja, wanaoana, wanazikana, na neno hili halisemwi. Mgeni alikaa, akajibu salamu, akauliza bila kuzunguka: «Nani aliyemwuza bibi yangu?»

Mzee wa Tongoni alitazama chini muda mrefu. Mwisho akasema: «Mzee mwenzangu, jina la mtu silijui. Lakini wanunuzi walikuwa watu wetu. Babu yangu alikuwa na bunduki.»

Hakuna aliyesema neno. Mimi mwalimu, niliyezoea kueleza kila jambo, nilifungua kinywa nikakifunga, na nafurahi kwamba nilikifunga. Kisha mzee akaita chakula. Ukaletwa wali, na mpunga ni Waungwana wale wale waliouleta Maniema, na sombe kwa mawese, na samaki. Wakala katika sinia moja.

Wakati wa kuondoka mgeni aliinama akaokota kigae kimoja, akataka kukipeleka Ujiji. Mzee akamkataza kwa upole: «Kiache. Hapa kinasema; huko kitakuwa kipande cha chungu.» Basi badala ya kigae mgeni akaomba sauti. Alishika simu yake, na yule mzee akasema ndani yake majina ya mababu, mahali palipokuwa soko, mahali palipokuwa njia ya kwenda Nyangwe, na lile neno la bunduki pia. Alilirudia kwa hiari yake.

Tangu siku ile nimeacha kupiga makofi katika mikutano ya utalii. Tunangoja wageni gani? Nikiwasikiliza vijana, wanamngoja Mzungu mwenye picha shingoni na dola mfukoni. Lakini Mzungu huyo hutafuta masokwe na volkano, navyo viko Virunga, mbali na sisi. Tena hata Virunga, yenye jina duniani kote, ilifungia wageni mwaka wa 2018, baada ya askari wa mbuga kuuawa na Waingereza wawili kutekwa. Ikafungua mwaka wa 2019, ikafunga tena mwaka wa 2020 kwa ajili ya korona. Mbuga ya Lomami, iliyofanywa mbuga ya taifa mwaka wa 2016, imo nusu katika Maniema, lakini iko kaskazini, mbali na Kasongo. Mali yetu sisi ni njia ya zamani, na watu ambao njia ile iliwapeleka mbali. Wao wanajua Kiswahili. Hawaogopi sombe wala maji ya ndoo. Tena tangu mwaka wa 2022 Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki pamoja na Tanzania na Burundi.

Njia ile ilianza Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Tabora, ikafika Ujiji, ikavuka ziwa mpaka Mtowa, ikapanda Kabambare, Kasongo na Nyangwe. Ng'ambo wameitunza sehemu yao. Mwaka wa 2006 Tanzania iliiandikisha UNESCO, katika orodha ya mahali panapongojea kuitwa urithi wa dunia. Ujiji wana nyumba ya makumbusho penye kumbukumbu ya Livingstone. Karibu na Tabora, huko Kwihara, wanayo nyingine. Katika misioni ya Bagamoyo, iliyoanzishwa mwaka wa 1868 na kujenga kijiji cha watumwa waliokombolewa, Wakatoliki wenzetu wanatunza makumbusho yao wenyewe. Lakini mgeni akifuata njia hiyo ya Tanzania, inakoma ufukoni mwa Ujiji, kana kwamba watumwa na pembe za ndovu vilitoka majini! Huku zilikotoka, nchi yetu ina mahali patano katika orodha ya urithi wa dunia, na pote patano ni misitu na wanyama.

Wiki mbili baada ya mgeni kuondoka, kijana mmoja mwenye akili alinijia na shauri. Alitaka mhunzi afue mnyororo, auzike chini mwaka mmoja ushike kutu, halafu tuwaonyeshe watalii kuwa mnyororo wa watumwa. «Watalipa, Mwalimu.» Najua wangalilipa. Nikampeleka uani, nikamwonyesha frigo yenye mashuka, nikamsimulia habari ya insulini. Akacheka sana, lakini alielewa. Siku hizi yeye ndiye anayewapeleka wageni Tongoni, naye huanza kwa kusema: hapa hamtaona kitu, mtasikia.

Sisemi kwamba mashine ni bure. Mtu akiniambia turudi kwenye mtungi tu, nitambishia. Sikilizeni habari ya Livingstone. Mwaka wa 1871 alikuwa Nyangwe, amekwisha karatasi na wino. Akaandika juu ya gazeti kuukuu la London, The Standard, akikatiza mistari iliyochapwa, kwa wino wa mbegu za mti. Humo aliandika mauaji ya sokoni ya tarehe 15 Julai, walipokufa watu kwa mamia, wengi wao wanawake waliokuja kuuza na kununua. Wino ule ulififia, maandiko yakawa hayasomeki. Ndipo wataalamu walipozipiga karatasi picha kwa mianga ya rangi nyingi mbalimbali, kompyuta ikatenga wino wa mbegu na wino wa gazeti, na mwaka wa 2011 maneno yakatolewa yasomwe na watu wote. Ikaonekana kwamba kitabu kilichochapwa mwaka wa 1874 kilikuwa kimelainisha mambo. Mashine za namna hiyo hatuna. Lakini simu ya mgeni wangu, siku ile Tongoni, ilifanya kazi ya jamii hiyo hiyo, tena mapema, kabla wino haujafifia. Wazee wetu wakifa, hakuna mwanga wa rangi yoyote utakaoisoma sauti yao.

Kwa hiyo vijana wanne wa parokia sasa wanakwenda kwa wazee na simu. Huomba ruhusa ya ukoo kwanza. Sauti hutunzwa mahali pawili, maana simu huibiwa na huanguka majini. Jambo moja tumelikataa: hatuandiki katika ramani mahali hasa penye vigae. Maniema ni nchi ya wachimba dhahabu; ukiweka alama «mji wa Tippu Tip», kesho utakuta mashimo.

Na fedha? Tangu mwaka wa 2012 M-Pesa iko Kongo, na mtandao ukikubali, mgeni wa Kindu hututumia nusu ya bei kabla ya kuja. Kwa nusu hiyo mke wangu hununua samaki. Nimenunua pia bamba la nguvu za jua, dogo, la taa nne na simu. Haliwezi kuvuta frigo, nami silisemi kwamba laweza.

Kabambare ni habari nyingine, na kwayo naandika polepole. Kuna mgeni mmoja aliyekaa huko ambaye dunia yote inamjua. Livingstone alifika Bambarre, yaani Kabambare, mwaka wa 1869, na tangu Julai 1870 mpaka Februari 1871 vidonda vya miguu vilimlaza hapo, asiweze kuendelea na safari. Alivipaka mawe ya shaba ya kijani yaliyosagwa kwa maji, na katika miaka yake ya Maniema aliisoma Biblia nzima mara nne. Mke wangu akisikia habari hii huuliza swali lake lile lile: miezi saba mgonjwa asiyetembea, nani alikuwa akimpikia? Jina la mpishi huyo ningelitaka zaidi ya sanamu ya Livingstone.

Lakini leo siwezi kumwambia mtu wa Ujiji: nenda Kabambare, njia ni salama. Dhahabu ya Namoya ilileta kampuni kubwa, ikaanza kuchimba kwa biashara mwaka wa 2016, ikasimama mwaka wa 2019. Makundi yenye bunduki hayakusimama. Shemeji zangu wamekimbia mara tatu, na kila mara waliorudi walikuwa pungufu. Na tangu Bukavu iliposhikwa na M23, Februari 2025, wachuuzi waliokuwa wakitoka upande ule wamekuwa wachache mno kwetu. Katika mkutano mmoja niliambiwa kwamba maneno ya namna hii yanafukuza wageni. Labda. Lakini mgeni akipatwa na msiba njiani kwa kuwa mimi nilinyamaza, nitamwambia nini mke wake?

Nimefuta yale niliyoyaandika katika ramani. Mtoto alinisaidia kwa simu kutoka Kindu. Sasa imeandikwa hivi: vyumba vinne, taa za jua tangu jioni mpaka saa nne usiku, maji ya ndoo, frigo hakuna, mtungi wa kupozea dawa uko, piga simu kabla ya kuondoka kwako, tukuambie habari ya njia. Mtoto alilalamika: «Baba, ukiandika hivi nani atakuja?»

Juzi imefika sauti kutoka Ujiji. Yule mzee bado yu hai, na insulini yake. Anataka kuja tena kiangazi kijacho pamoja na dada yake na wajukuu wanne, na anamsalimu mzee wa Tongoni kwa jina. Anauliza kama daraja limetengenezwa. Nimemjibu kwamba halijatengenezwa, wasije mvua zikiwa bado, na kwamba nitampigia tena mwezi wa tano nimwambie njia ilivyo. Watu ni sita, magodoro ni manne. Mke wangu amekwisha kwenda kwa mfinyanzi kuagiza mtungi mwingine, kwa sababu dada yake mzee naye ana sukari.